Kaskazi na kusi havitakoma, lakini mwani wangu unaoza

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzee wa kanisa na mkulima wa mwani, huku ukanda wa Pangani. Kotonii, ule mwani wa bei nzuri, imetushinda, kila kaskazi inapauka na kukatikia kwenye kamba. Kisima cha jirani kimeingia chumvi. Vijana wa usharika wanataka Jumamosi hii twende kupanda mikoko kwa jina la kanisa. Mchungaji anasema hayo ni mambo ya serikali na wafadhili, Mwanzo 8:22 imeahidi majira hayatakoma, na kuhangaika na tabianchi ni kupungukiwa imani. Mzee mwenzangu anasema Wazungu ndio walioharibu, wao ndio watengeneze. Je, Mkristo anawajibika kweli, au tunajitwisha mzigo usio wetu?*

Marahaba, mama. Nianze na ule mstari, maana naona ndio uliokufunga mikono.

Biblia yetu ya Union inasema kwamba muda nchi idumupo, majira ya kupanda na mavuno, baridi na hari, kaskazi na kusi, mchana na usiku, havitakoma. Kila nikiufika mstari huu huwa natabasamu. Kiebrania chake kinataja kiangazi na majira ya baridi. Wafasiri wakaona mtu wa pwani hasomi mwaka wake kwa baridi, anausoma kwa upepo, wakaweka pepo zetu mbili. Kwa hiyo mchungaji wako kachagua mstari unaokuhusu wewe kuliko Mkristo wa Dodoma.

Lakini mstari umeahidi nini? Umeahidi kwamba Mungu hataufuta mwaka kwa gharika tena. Kaskazi itavuma, kusi itavuma. Haukuahidi kwamba kaskazi ya mwaka huu haitakuwa na joto kuliko ile aliyoijua bibi yako, wala kwamba vuli itafika siku ile ile uliyozoea kuandaa jembe. Nahodha anajua kusi itakuja, na kwa sababu anajua ndiyo maana anapandisha chombo pwani kukikagua mapema. Akiacha kukikagua kwa kuwa “kusi imeahidiwa”, tutamwita mwenye imani?

Tena angalia aliyepewa ahadi hiyo. Nuhu alisikia onyo la jambo ambalo hajaliona, akashika shoka. Mwanzo 6 inatoa vipimo, dhiraa 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu, na agizo la kupaka lami ndani na nje. Msomee sura hiyo fundi yeyote wa majahazi hapo Pangani. Atakwambia hii ni habari ya kalafati, kuziba nyufa za chombo maji yasiingie. Hakuna mahali Biblia inaposema Nuhu alipungukiwa imani kwa kuchonga mbao.

Simlaumu mchungaji, lakini. Nadhani kachoka. Miaka mingi pwani yetu imepokea semina za mazingira zenye bango, fulana na posho, na wiki mbili baadaye hakuna anayekumbuka ilihusu nini. Mtu akiona hayo mara tano, neno “tabianchi” linamnukia ufadhili. Ila kosa la semina si kosa la bahari.

Sasa mwani wako. Kabla sijasomea theolojia nilisomea misitu, kwa hiyo bahari si fani yangu hasa, lakini hili limeshajulikana vya kutosha. Kotonii haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yakikaa juu ya nyuzi 30 kwa siku nyingi, hasa bamvua la kaskazi, siku za maji kujaa na kupwa sana, linapoacha shamba kwenye kidimbwi cha maji moto mchana kutwa, mmea unadhoofika, matawi yanapauka, vijidudu vinaingia, unakatika. Spinosi, aina nyingine ya mwani, inastahimili zaidi, ndiyo maana wakulima wengi wa Unguja na wa bara wamerudi kwenye spinosi ingawa bei yake ni ndogo. Joto lenyewe linatoka wapi? Kabla ya viwanda hewa ilikuwa na hewa ukaa kiasi cha sehemu 280 katika kila milioni. Leo imepita 420. Hewa hiyo inazuia joto lisitoke duniani, na zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linamezwa na bahari. Maji yakipata joto yanatanuka, barafu za nchi za mbali nazo zinayeyuka, na usawa wa bahari umepanda kama sentimita 20 tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Sentimita 20 ni kama shibiri moja. Kwenye mlima si kitu. Kwenye ufukwe ulio bapa kama wa kwenu, shibiri moja ya kwenda juu ni hatua nyingi za kuingia ndani, na maji ya chumvi yanatangulia chini ya ardhi kabla hujayaona juu. Kisima cha jirani yako kinaweza kuwa na sababu nyingine pia, kama kuchotwa kupita kiasi au mvua kupungua, lakini bahari inayopanda haimsaidii.

Kwa hiyo ulivyouliza “je, tunajitwisha”, jibu la kwanza ni kwamba mzigo mmeshatwishwa. Kamba zako zimeshakuwa tupu. Lililobaki ni kujua tuubebeje, na nani mwingine aje kuukamata upande wa pili.

Hapo naomba turudi nyuma zaidi, Mwanzo 2:15. Mungu anamweka mtu katika bustani “ailime na kuitunza”. Wakristo wengi tumekariri sura ya 1, “mkaijaze nchi, na kuitiisha”, tukaishia hapo, kana kwamba sura ya 2 ilikuwa ya wanawake na watoto. Neno la Kiebrania lililofasiriwa “kuitunza” ni shamar, maana yake kulinda, kukesha juu ya kitu. Limetumika kwa Walawi wanaolinda hema la kukutania. Na linarudi sura ya 4 kwa namna inayotisha. Kaini ameulizwa yuko wapi Habili ndugu yako, naye anajibu, “Mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?” Mlinzi hapo ni neno lile lile. Kazi ya kulinda bustani na kazi ya kumlinda ndugu zimeandikwa kwa neno moja, na Kaini, aliyekuwa mkulima, alizikataa zote mbili kwa pumzi moja. Ardhi iliyofungua kinywa kupokea damu ndiyo iliyomnyima mazao.

Mimi nasimamia hapo. Siamini kwamba uwajibikaji wa Mkristo unaanzia kwenye hatia ya moshi. Unaanzia kwenye ulinzi. Mlinzi wa usiku pale sokoni Ngamiani, Tanga mjini, hakuiba duka. Lakini likivunjwa yeye amesinzia, ataulizwa.

Naliweka hivi kwa sababu ya yule mzee mwenzako anayesema Wazungu ndio walioharibu. Kwa hesabu, yuko sahihi kuliko anavyopewa. Mtanzania wa kawaida, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe anayochoma kwa mwaka mzima, hafikishi nusu tani ya hewa ukaa. Mmarekani anapita tani 10. Na ukijumlisha tangu viwanda vianze, Marekani peke yake imetoa karibu robo ya yote. Ukisikia mhubiri anawaambia wanawake wa mwani watubu dhambi ya kuchafua hewa, mwache aseme, usiitikie amina. Mama anayefunga mwani kwa taitai, vile vikamba vyembamba, na kurudi nyumbani kwa miguu hajaiharibu hewa ya mtu.

Na usikubali hata kidogo yule atakayesema bahari imepanda kwa sababu ya dhambi za watu wa pwani. Luka 13 imelifunga hilo. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, Yesu akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kuwa sivyo.

Ila mzee anakosea pale anapogeuza hesabu kuwa mto wa kulalia. Wenye kudaiwa wadaiwe, na kanisa liseme hivyo wazi. Zakayo hakusema “nimeokoka” akaishia hapo. Alisema kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila amrudishia mara nne. Nchi tajiri zilikubali mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Sharm el-Sheikh, Misri, kuwe na mfuko wa kulipia hasara na uharibifu kwa nchi kama yetu, na fedha zinaingia kwa kudondoka kama maji ya bomba la Januari. Papa Fransisko aliandika barua nzima juu ya haya mwaka 2015, Laudato Si', akaunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Kwetu Walutheri, Askofu Fredrick Shoo alijulikana kwa miti kule Kilimanjaro muda mrefu kabla “tabianchi” haijawa neno la redioni. Kwa hiyo mchungaji asidhani hili limeletwa na mradi wa juzi. Lakini kudai ni kazi moja, kulinda ni nyingine. Jirani akikuchomea shamba unampeleka barazani. Hukai barazani mwaka mzima wakati moto unaelekea kwenye banda la mbuzi.

Na kuna uharibifu ambao haukutoka Marekani. Ninyi wa Pangani hamhitaji mfano wa mbali, mna Maziwe. Wazee wanakumbuka kisiwa chenye mivinje, kasa wakipanda kutaga. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa mizizi ya kuushika, mawimbi yakafanya yaliyobaki, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 Maziwe ilikuwa fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kasa bado wanakuja kutaga pale, wanafuata ramani iliyo vichwani mwao ya kisiwa kisichokuwepo. Watu wanalazimika kuyachukua mayai na kuyahamishia ufukwe wa Ushongo yasije yakazama. Torati, Kumbukumbu la Torati 22, inakataza kumtwaa ndege pamoja na makinda yake. Mwache mama aende. Sisi tulimwacha mama, tukaondoa kiota.

Nimeitaja Maziwe kwa makusudi. Bahari inayopanda na shoka la mwenyeji havishindani nani mkosaji, vinasaidiana. Shoka linatangulia, bahari inamalizia. Lile la kwanza liko mikononi mwetu.

Ndipo nifike kwenye mikoko. Hapa nitasema kitu ambacho vijana wako hawatakipenda.

Zamani kidogo, nikiwa bado na nguvu na uhakika mwingi, nilisimamia siku ya kupanda mikoko na kikundi cha kanisa kimoja, sitakitaja, ufukwe wa Tanga. Tuliimba, tulipiga picha, tukachomeka mbegu za mkoko kwa mamia kwenye tope lililo wazi mbele kabisa, linalotazama bahari kuu. Ilikuwa rahisi kuchomeka, tope laini. Kusi ilipoingia tulirudi kuangalia. Hapakuwa na hata moja. Mvuvi aliyekuwa akifungua nyavu zake alitutazama, akasema, “Pale hapajawahi kuwa na mti, Mwalimu. Mngeniuliza.” Sijaisahau ile “mngeniuliza”.

Mikoko si mti mmoja. Mlilana ndio unaokaa mbele, unapigwa na wimbi. Mkoko wenye miguu mirefu unapenda kingo za mikono ya bahari na tope lililotulia nyuma yake. Mkandaa na msinzi hukaa ndani zaidi. Mchu unavumilia chumvi hata kule nyuma ambako maji hufika kwa bamvua tu. Ukichukua mbegu za mkoko kwa kuwa ni ndefu na rahisi kushika, ukazipanda mahali pa mlilana, umepanda picha. Na mahali pengi hata huhitaji kupanda. Mikoko huangusha mbegu kwa maelfu, maji yanazipeleka. Ukikuta hazioti, uliza kinachozizuia: shimo la chumvi lililoziba njia ya maji, ng'ombe wanaokanyaga miche, au watu wanaokata boriti na kuni za kuchomea chokaa kila zinapofika unene wa mkono. Ondoa kizuizi, msitu utarudi wenyewe. Hiyo kazi haina picha nzuri, ndiyo maana haifanywi.

Msisahau pia kwamba mikoko yote bara ni hifadhi ya serikali, hata iliyo nyuma ya nyumba yako. Kabla ya kuingia onaneni na ofisi ya wilaya ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na serikali ya kijiji, pamoja na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za pwani. Halafu, mama, “kwa jina la kanisa” hebu litazameni upya. Ninyi Wakristo wa pale ni wangapi? Nusu ya kikundi chako cha mwani, nadhani zaidi ya nusu, ni kina mama wanaoswali. Mti uliopandwa na kanisa peke yake utaitwa mti wa kanisa, na siku ukikatwa kijiji kitasema “wamewakatia Wakristo mti wao”. Nendeni kwa shehe wa msikiti. Naye ana aya yake, Adamu kuwekwa khalifa katika ardhi, na anaijua vizuri kuliko ninavyoijua mimi.

Jikoni nitapita haraka. Serikali imeshaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kanisa linalopika pilau la Krismasi na la mikutano kwa kuni za magunia lianze na sufuria lake kabla ya kuhubiria jiko la mtu. Ila usimkaripie mama anayenunua mkaa wa kopo. Hajachagua mkaa, amechagua bei. Na mkaa huo ujue unatoka Handeni na Kilindi, kwa wakulima ambao mvua ikiwakosea hawana kingine cha kuuza. Ukikata msitu juu, wa chini analipa: maji ya bomba ya Tanga mjini ni ya Mto Zigi, unaoshuka kutoka milima ya Amani, Usambara. Anayelinda mti kule Usambara anamnywesha mtu wa Chumbageni, huko Tanga mjini, asiyemjua jina. Hilo nalo ni “mlinzi wa ndugu yangu”.

Umeniuliza pia pembeni, mwishoni mwa barua, kama kuna haja ya kuitunza dunia itakayoteketea, 2 Petro 3. Soma mistari iliyotangulia. Petro anailinganisha siku ile na gharika, anasema dunia ya wakati ule “ikaangamia” kwa maji. Lakini nchi ile ile ilikuwepo Nuhu alipotoka. Kilichooshwa ni uovu. Na mahali ambapo Union inasoma kwamba nchi na kazi zake “zitateketea”, nakala kongwe za Kiyunani zina neno lenye maana ya kuonekana, kuwekwa wazi, kama vitabu vya hesabu vinavyofunguliwa mezani. Wasomi bado wanabishana namna ya kulifasiri. Hata ukishika “zitateketea”, bado Warumi 8 inasema viumbe vyenyewe vitawekwa huru kutoka katika utumwa wa uharibifu. Na hata kama nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba kasema ataijenga upya, hiyo si ruhusa ya kung'oa milango.

Sasa Jumamosi. Ningekuwa mimi, ningeahirisha kupanda, nisiahirishe kwenda. Nendeni maji yakiwa yamekupwa, vijana wote, pamoja na wavuvi wawili watatu wenye umri na kina mama wa mwani. Mchungaji mwombeni aje hata kama hakubali. Viatu atavua kama wengine. Waulizeni wazee palikuwa na nini hapo walipokuwa watoto, mti gani ulikaa wapi, nani alikata na kwa nini. Andikeni. Hesabuni miche iliyojiotea yenyewe na mtazame inafia wapi. Jumamosi ya pili mtakuwa mnajua kama kazi yenu ni kupanda mlilana, kuzibua mkondo, au kukaa na mwenye shimo la chumvi. Kuhusu kotonii, ulizeni kwa afisa uvuvi habari za kuhamishia kamba kwenye maji ya kina zaidi. Mlingotini kule Bagamoyo kina mama walishajaribu, ingawa hiyo inataka chombo na kujua kuogelea, na nyinyi wengi hamjui. Hilo la kuogelea usharika unaweza kulibeba bila mfadhili yeyote.

Mchungaji mpe salamu zangu. Mwambie mstari wa 22 tumeusoma pamoja naye, tunamwomba Jumapili aendelee hadi sura ya 9, mstari wa 10, pale agano linapotajwa kuwa ni pamoja na “kila kiumbe hai kilicho pamoja nanyi”.